Walioahidi Kumbeba Baba

Kuna watu walikuja kutufundisha kutembea. Sisi! Watu wa Kasongo, ambao mama zetu wanatoka shambani na kikapu cha mihogo kichwani na mtoto mgongoni, na wakifika nyumbani wanashika bidoni waende tena kuteka maji. Tuliketishwa kwenye viti vya plastiki, tukaambiwa kwamba kutembea ni dawa. Ni kumfundisha nyani kupanda mti. Na nyani wenyewe tulipiga makofi.

Kamati ilikuwa ya mji, na watu wake ni wa hapa hapa. Ilitaka tuishi kwa afya, tupunguze pikipiki twende kwa mguu au kwa kinga, na tuache kutupa uchafu ovyo. Kinga, kwetu, ndiyo baiskeli. Sina ugomvi na maneno hayo. Mifuko ya plastiki imeziba mifereji yetu, ni kweli. Pikipiki zinapita sokoni kama zimeibiwa, ni kweli pia. Ugomvi wangu ni mwingine, na leo nausema wote, maana nimeukalia moyoni mpaka umeniozea.

Baba yangu alikuwa msukuma kinga. Asiyejua kazi hiyo atadhani alikuwa anaipanda. Hapana. Kinga ya kusukuma haipandwi. Unaing'oa pedali, kwa sababu zinakupiga miguuni. Unafunga mti mrefu kwenye usukani ili uishike ukiwa pembeni, na mti mwingine nyuma ya kiti wa kusukumia, kisha unaipakia mpaka wewe mwenyewe huonekani ukiwa upande wa pili. Baba alitoka hapa na chumvi, sabuni na vitambaa, akapita Wamaza, akaenda mpaka Salamabila kwa wachimba dhahabu. Alirudi na mafuta ya mawese, mchele na karanga za Kabambare. Barabara ilipokufa na malori yakasahau njia ya kwetu, mji huu uliendelea kula chumvi kwa sababu ya wanaume kama yeye. Kwenye vilima alisukuma kwa kifua. Kwenye mito iliyokosa daraja alivua nguo, akafungua mzigo, akauvusha kipande kwa kipande kichwani, kisha akarudi kuibeba kinga yenyewe. Miaka yote hiyo nilimwona nayo, na hata siku moja sikumwona amekaa juu yake.

Kazi hiyo ilimwachia magoti mabovu. Mwishoni alikuwa anakaa mlangoni kwenye mkeka, miguu ameinyoosha mbele yake kama vitu vya mtu mwingine, na kinga yake imeegemezwa ukutani ndani ya nyumba. Hakukubali ilale nje. Mama alikuwa akimtania kwamba ana wake wawili, na yule wa chuma ndiye anayelala pazuri. Ijumaa tulimwitia motari, yaani kijana wa pikipiki, ampeleke msikitini. Alikaa nyuma amemshika yule kijana kiunoni, akicheka kwa haya.

Kitu kimoja kilimtia hofu, wala hakikuwa kifo. Kwetu maiti hubebwa kwa mabega. Jeneza likipita, kila mwanaume anayeliona anaacha alichoshika, anaingia chini yake, anabeba hata hatua chache, kisha anampisha mwingine. Hata kama hamjui marehemu. Hata kama aligombana naye. Hivyo ndivyo jeneza linavyovuka mji, kutoka bega mpaka bega, bila mtu yeyote kuchoka. Na makaburi ya wazee wetu yako mbali, upande wa pili wa mji, na njia ya kufika huko inapanda. Siku hizi watu wanakodi ile pikipiki ya magurudumu matatu inayobeba mchanga na matofali, wanaweka jeneza nyuma, mambo yamekwisha. Rafiki mmoja wa baba, msukuma kinga mwenzake, alipelekwa hivyo. Pikipiki ikazimika katikati ya soko. Dereva akawa anaipiga teke na kuitukana, na marehemu anatikisika nyuma, wauza samaki wanatazama. Baba alikuwepo. Alirudi nyumbani hakula.

"Mwanangu," aliniambia, "nimebeba vitu vya watu maisha yangu yote. Mimi sitaki kwenda mbele ya Mungu juu ya gari ya muchanga. Siku moja tu, na mimi nibebwe."

Nilimwambia tutambeba. Aliniangalia, akamtazama na mdogo wangu, akasema, "Nyinyi wawili? Njia ile inapanda."

Ndipo wakaja watu wa kamati. Mbele yao alikuwa prezida wao, mtu mwenye heshima zake, mwenye duka, Mwislamu kama sisi. Si mgeni ambaye ningesema hajui desturi. Babu yake amelala kwenye makaburi yale yale ninayoyasema. Akapiga magoti mbele ya mkeka, akamshika baba mkono kwa mikono miwili.

"Muzee, wewe ndiye baba wa mwendo katika muji huu," akasema. "Tutafanya matembezi makubwa. Tunataka sura yako ikae kwenye fulana na kwenye banderoli, vijana wajue."

Baba aliniuliza kwa Kibangubangu, lugha ya kijijini kwa mama yake, kama watu hawa wana akili timamu. Nikamwambia wanataka picha tu, ya kuchapa kwenye fulana na kwenye kitambaa cha kubeba mbele ya watu. Akacheka, akakubali.

Wakamtaka apande kinga. Nikawaonyesha kwamba kinga yake haina pedali. Lo! Mnadhani waliuliza kwa nini? Walikwenda kuazima nyingine kwa mwalimu mmoja, inang'aa, ina hata kengele. Wakamnyanyua mzee wa watu, wawili wakamkalisha juu, wakamkunjia magoti yale ambayo hayakunjiki, wakaweka miguu yake kwenye pedali. Mimi nilikuwa nimeinama nyuma nimeshika gurudumu asianguke. "Cheka, Muzee!" Baba akauma meno kwa maumivu. Hiyo ndiyo picha iliyoenea mji mzima. Watu waliisifu, wakasema muzee anacheka vizuri, anaonekana kijana.

Baada ya hapo kulikuwa na mkutano katika ukumbi wa shule ya kanisa. Nilimsukuma baba mpaka huko juu ya kinga yake mwenyewe, nimemkalisha kwenye ubao wa mizigo kama gunia la mchele, na njia nzima ananielekeza jinsi ya kushika ule mti. Mwishoni mwa mkutano kila aliyehudhuria alitia sahihi, akapewa pesa ya transport. Tulikuja kwa miguu kusikia habari za miguu, tukalipwa nauli. Hakuna aliyeona ajabu. Mkono mtupu haulambwi, na kamati ilijua hivyo tangu mwanzo.

Kabla ya kufunga, prezida akamwomba baba aseme neno. Baba hakuweza kusimama. Akasema akiwa amekaa.

"Mimi siombi kitu kikubwa. Munafundisha watu kutembea, ni vizuri. Basi siku nikikufa, mutembee na mimi. Munibebe kwa mabega mpaka kwa wazee wangu. Musinitie kwenye gari ya muchanga. Nimeomba hilo tu."

Prezida akasimama, mkono kifuani. "Muzee, mbele ya watu hawa wote, ni ahadi. Kamati yote itakubeba. Mimi wa kwanza, hapa mbele, bega la kuume."

Makofi yalipigwa mpaka popo wakatoka darini.

Tangu siku hiyo baba alitulia. Sina namna nyingine ya kulisema. Usiku alilala, chakula alikula. Kila aliyekuja kumsalimia alimwambia habari ile ile, kwamba kamati nzima itambeba, na prezida mwenyewe atashika mbele. "Ni watu wenye miguu ya kusomea," alisema. Mama akamjibu kutoka jikoni, "Basi usikufe kwanza, ungojee wamalize masomo." Tukacheka wote. Nilikuwa nacheka, na moyoni nilishukuru kweli kweli. Nilimpenda yule prezida, wallahi. Nilimsemea vizuri kila mahali.

Siku ya matembezi ilikuwa Jumamosi. Baba alikufa alfajiri ya siku hiyo hiyo, baada ya kuswali amekaa. Alimwomba mama maji ya kunywa, mama akageuka kuchukua kikombe, na aliporudi akakuta hakuna wa kumpa.

Imamu akasema tuzike kabla ya adhuhuri, maana joto lilikuwa kali na mwili hauwekwi. Wanawake wakaanza kilio, mjomba wangu, kaka yake mama, akasimamia kuosha. Mimi nikakimbia uwanja wa mpira, ambako matembezi yalikuwa yanaanzia.

Niliyoyakuta huko sijayasahau. Uwanja mzima ni baba yangu. Wanaume, vijana, wazee, kila mtu amevaa fulana nyeupe, na kifuani baba yuko juu ya kinga ya mwalimu anauma meno. Mgongoni kila fulana ilikuwa na namba. Kulikuwa na kinga mpya imefungwa utepe, ya tombola, yaani bahati nasibu ya namba zile, na masharti yalisemwa kwa kipaza sauti: anayetoka kwenye mstari kabla ya mwisho, namba yake imekufa. Kwa hiyo karibu kila mwanaume mwenye nguvu alikuwa pale. Siwalaumu kwa kuitaka. Najua kinga ni nini ndani ya nyumba, nimekula kutoka kwenye kinga.

Nikamkuta prezida katikati ya wageni waliotoka Kindu, mji mkuu wa jimbo.

"Baba amekufa," nikamwambia. "Tunazika kabla ya adhuhuri. Nimekuja kwa ajili ya ile ahadi."

Uso ulimbadilika, siwezi kumsingizia. Akanikumbatia. "Pole sana, ndugu yangu. Innalillahi. Lakini unaona wageni iko hapa. Hamuwezi kungoja jioni?"

"Maiti haingojei hotuba."

Akafikiri. Akatazama njia. "Basi usiwe na wasiwasi. Njia yetu na yenu ni moja pale sokoni. Mutatukuta. Tutaingia wote, kamati yote, na watu wote hawa. Si ni vizuri zaidi? Muji muzima utamubeba."

Na mimi, mtoto wa baba yangu, nikaamini. Nilirudi nyumbani mbio nikiwaza kwamba baba amepata zaidi ya alichoomba. Nikamwambia mama kwenye mlango, "Watambeba wote." Mama alikuwa amekwisha kukaa ndani ya chumba chake kama wajane wanavyokaa, na kwetu wanawake hawafiki makaburini. Akaitika kwa kichwa tu.

Tukamtoa. Tulikuwa mimi, mdogo wangu, mjomba, na wazee wachache wa msikitini ambao kubeba kwao ni kugusa mbao kwa vidole. Majirani wenye mabega walikuwa wamevaa namba. Mtaa ule wa kwanza nilielewa kwa nini baba alitutazama sisi wawili na kusema njia inapanda. Jeneza la mbao lenyewe ni zito kabla hujaweka mtu. Mjomba alikuwa anapumua kwa sauti, mdogo wangu analia na kubeba kwa pamoja. Nikawaambia, vumilieni mpaka sokoni. Sokoni watu wako.

Tukawaona. Walikuwa wanakuja kutoka upande wa pili, ngoma mbele, banderoli juu imeshikwa na watu wawili, na juu ya banderoli baba mkubwa kama nyumba. Njia nzima nyuma yao ilikuwa imejaa vifuko vya plastiki vya maji waliyokunywa, walivyovitupa wakitembea kwa ajili ya mazingira. Nikasema kwa nguvu, "La ilaha illallah!" ili wasikie. Ngoma ikanyamaza.

Prezida akainua mkono. "Simameni! Heshima kwa baba wa mwendo! Dakika moja ya kimya!"

Wakagawanyika pande mbili za barabara. Wakavua kofia. Wakasimama wima kama wanafunzi mbele ya bendera, na sisi tukapita katikati yao.

Mnaelewa ninachosema? Tulipita katikati ya wanaume wote wa mji, na hakuna aliyeingia chini ya jeneza. Nilikuwa natazama mabega yao, maana mtu akibeba haangalii nyuso. Hakuna bega lililosogea. Jirani yetu, ambaye baba alimletea chumvi bure wakati wa vita, alikuwa karibu kiasi cha kunigusa. Akaninong'oneza, "Nakuja nyuma, ndugu, nikimaliza hii." Prezida alikuwa mwanzo wa mstari, mkono kifuani vile vile alivyouweka siku ile ya ahadi, na kijana wa kamati anampiga picha. Nilimwita. Nilimwita kwa jina lake, mbele ya watu, mara ya kwanza maishani mwangu kumwita mkubwa hivyo. Akafumba macho kama mtu anayeomba dua. Dakika haikuwa imekwisha.

Baba alikuwa kwenye vifua vyao vyote. Mabegani hakupata nafasi.

Mbele kidogo ya soko, mahali njia inapoanza kupanda, kuna kituo cha motari. Siku hiyo walikuwa wamekatazwa kufanya kazi mpaka matembezi yaishe, kwa amri iliyoombwa na kamati, maana wao ndio waliosemwa mkutanoni kwamba wanaharibu hewa na kuwafanya watu wavivu. Walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao zilizozimwa, wana hasira, wanacheza karata. Mmoja akainua kichwa. Akatupa karata chini. Alikuwa yule aliyekuwa anampeleka baba Ijumaa. Akaja mbio, akamtoa mjomba chini ya jeneza, akaingia yeye, na wenzake wakamfuata, wengine bado na sigara mdomoni. Hawakuwa wengi. Njia ile tuliipanda tukisimama na kushusha, tukisimama na kushusha, mpaka bega langu likachubuka na shati likaganda kwenye ngozi. Tulifika. Tukamlaza kwa wazee wake. Motari wakafukia udongo kwa mikono, wakarudi kituoni kwao.

Wale wa "nakuja nyuma" sikuwaona. Jirani yetu hakushinda kinga. Aliniambia mwenyewe, kwa masikitiko, kana kwamba na mimi ningempa pole.

Siku ya pili jioni prezida akaja kwenye kilio. Alikaa na wanaume uani kwa muda, akanywa chai, akasema mambo mazuri juu ya baba. Kisha akaniomba ampe mama pole. Nilimpeleka mpaka mlango wa chumba. Pazia lilikuwa limefungwa, mama yuko ndani na wanawake wenzake. Prezida alikuwa ameshika mfuko, na ndani ya mfuko kulikuwa na fulana moja, imekunjwa vizuri.

Nilikuwa nimejiandaa. Tangu kaburini nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mtu huyu, na niliamua kwamba nitayasema hapo hapo, mama asikie, wanawake wote wasikie, kesho mji mzima ujue.

"Ni nani?" mama akauliza kutoka ndani.

"Ni mimi, Mama. Prezida wa kamati. Poleni sana."

"Ah, ni wewe, baba." Sauti ya mama ilikuwa imekauka kwa kulia, lakini niliisikia inainuka kidogo. "Karibu. Muzee alikutaja mpaka siku ya mwisho. Samahani, nikuulize kitu. Sisi wanawake hatufiki kule, na hawa watoto hawaniambii. Alikuwa muzito?"

Prezida akanitazama. Nami nikamtazama. Bega langu lilikuwa limevimba mpaka shingoni, mkono siwezi kuuinua, na yeye aliona.

"Hapana, Mama," akasema. "Hakuwa muzito. Tulikuwa wengi."

Nilifungua mdomo. Nyuma ya pazia nikasikia mama anashusha pumzi ndefu, pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu tulipomtoa baba nyumbani.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi alienda vile alitaka. Uwaambie asante, baba, wote wenye walimubeba."

Nikafunga mdomo. Prezida akasema atawaambia.